Kupanga Doria ya Kikosi Kidogo: Yaliyotokea Tanga

Kabla ya kusogeza askari hata mmoja, kamanda atume wapelelezi. Jenerali Aitken wa jeshi la Uingereza alilipuuza hilo hapa Tanga, Novemba 1914, alipowashusha Ras Kazone askari waliochoshwa na safari ndefu ya meli kutoka India, ilhali onyo la manowari ya Kiingereza Fox lilikuwa limewapa Wajerumani muda wa kuleta vikosi kwa reli kutoka Moshi. Katika mashamba ya minazi na mpira vikosi vilipotezana, nyuki wakawavamia, na watu wapatao 8,000 wakashindwa na takriban 1,000. Inauma, kwani walioanguka hawakuupanga mpango ule.

Taja pia nani atashika uongozi kamanda akijeruhiwa. Kisha kila askari achore njia mchangani kwa kijiti. Akisita penye njia panda, mweleze upya kabla hamjaondoka.