Saa 40 za Memphis: kumfundisha askari kumtuliza mtu aliyezidiwa na ugonjwa wa akili

Mwaka 1987, polisi wa Memphis huko Tennessee, Marekani, walimpiga risasi wakamuua kijana mgonjwa wa akili aliyekuwa akijikatakata kwa kisu. Mwaka uliofuata jiji hilo likaanzisha mafunzo ya saa 40, siku tano mfululizo, ambayo yameigwa na miji mingi ya huko, na hata Liberia. Anayetaka kuyaendesha kwake aanzie hospitalini, darasa lije baadaye.

Kwanza pateni makubaliano ya maandishi na hospitali moja: ipokee usiku na mchana, isimrudishe mtu aliyeletwa na polisi, na askari arudi doria upesi, tuseme ndani ya nusu saa. Bila hivyo mnapoteza fedha. Askari aliyekaa saa sita kwenye benchi akimsubiri daktari, safari ijayo atampeleka mgonjwa mahabusu, maana huko hakuna foleni.

Wafundisheni askari wanaojitolea. Memphis hawakulenga kikosi kizima. Robo ya askari wa doria yatosha, mradi kila zamu iwe na mmoja wao. Wapokea simu nao wafundishwe. Wakiandika "kuna mtu anafanya fujo" badala ya "kijana ameacha dawa, anaongea peke yake, ana kisu cha jikoni", askari aliyefunzwa hatatumwa.

Siku ya kwanza ni ya magonjwa: skizofrenia (mtu husikia au kuamini yasiyokuwepo), sonona, ulevi, usahaulifu wa uzeeni, usonji. Msiwafanye madaktari, waelezeni dalili watakazoziona barabarani. Sisitizeni kwamba sukari ikishuka, kifafa, homa kali au jeraha la kichwa huweza kumfanya mtu aonekane mwenye wazimu. Siku ya pili waende wodini, wakae na waliopata nafuu na familia zao. Kisha zoezi la sauti ambazo mgonjwa huzisikia kichwani: askari avae visikilizio vinavyomtukana mfululizo huku mkufunzi akimwamuru ajaze fomu. Wengi hushindwa hata kuandika tarehe. Hapo ndipo anapoelewa kwamba asiyetii amri ya kwanza huenda hana kiburi. Amri yenyewe imezama katikati ya sauti nyingine. Siku ya tatu ni sheria na mbinu za kuzungumza.

Siku mbili zilizobaki ni za maigizo, na hapo ndipo mafunzo yenyewe yalipo. Vikundi vya watu watano au sita, dakika kumi kila igizo, kisha kukosoana papo hapo. King'ora kizimwe kabla ya kufika, redio ipunguzwe, azungumze mmoja tu. Kosa linaloharibu kazi mara nyingi ni askari wa pili kudakia "Weka kisu chini!" wakati mgonjwa ameanza kujibu. Askari asimame mbali, pawe na gari au meza kati yao. Ataje jina lake, aulize la mgonjwa, aseme sentensi moja fupi, anyamaze ahesabu hadi kumi moyoni. Kimya hicho kinawashinda askari wengi kuliko jambo jingine lolote.

Asibishane na sauti anazosikia mgonjwa, wala asijifanye anazisikia. Aseme: "Mimi sizisikii, ila naona zinakutesa. Zinakuambia nini?" Aulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii mtu wazo. Na asiahidi asiloweza: ukisema "hatutakufunga pingu" kisha ukamfunga, umemharibia askari atakayekuja kesho.

Anayeigiza mgonjwa awe na kanuni: akifokewa apandishe hasira, akisikilizwa atulie, kwa ngazi, si ghafla. Maigizo yanayoishia kwa risasi kila mara yanafundisha woga. Yale ambayo mgonjwa anatulia hata akifokewa yanafundisha uongo. Fanyeni na moja ambalo maneno yanashindikana. Ikibidi kumshika mtu, asilazwe kifudifudi huku goti likiwa mgongoni, maana huweza kukosa pumzi akafa. Akishafungwa pingu alazwe ubavu mara moja au akalishwe, na mmoja awe na kazi ya kuangalia pumzi yake tu.

Baada ya hapo, siku moja ya kunoa kila mwaka, na fomu ya kila tukio: nani aliumia, mtu alipelekwa wapi, askari alisubiri dakika ngapi hospitalini. Iwe ya ukurasa mmoja. Ikizidi hapo haijazwi.