Sidiria na Gauni kwa Mwanamke Mwembamba Aliyejaa Kifua
Mwanamke mwembamba aliyejaa kifua na nyonga, akinunua kwa kukisia pale sokoni Darajani, Zanzibar, mara nyingi huondoka na sidiria yenye mkanda wa 80 ilhali wake ni 70 (sentimita za mzunguko wa chini ya matiti), na hapo mkanda hupanda mgongoni, kamba zikamkata mabega. Jipime kwa futi ya fundi chini ya matiti, kisha palipojaa zaidi: katika vipimo vya Ulaya, tofauti ya sentimita 18 hadi 20 ni kikombe (sehemu inayobeba titi) cha ukubwa wa D. Sidiria mpya ikukae sawa kwenye kulabu za nje kabisa, kwa kuwa mpira hulegea, na hapo utahamia kulabu za ndani. Gauni, hata la kuvaliwa ndani ya buibui, lichague kwa kifua na nyonga, halafu fundi cherehani alibane kiunoni.