Ujauzito na Kazi Mpya: Umwambie Mwajiri Lini?
Anza kwa kuhesabu miezi. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakutaka umjulishe mwajiri kwamba unakusudia kuchukua likizo ya uzazi angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya matarajio ya kujifungua, ukiambatisha cheti cha daktari. Na sheria hiyohiyo inakataza kumbagua hata mwombaji wa kazi kwa sababu ya ujauzito.

Hata hivyo, likizo ya siku 84 yenye malipo kwa kawaida humhitaji mfanyakazi awe ametimiza miezi 6 kazini, hivyo aliyeajiriwa Januari na anayetarajia kujifungua Mei atalazimika kujadiliana na mwajiri, mjadala ambao, kwa maoni yangu, ni mwepesi zaidi barua ya ajira ikiwa tayari mkononi.

Kama kazi ni ya zamu za usiku, kubeba mizigo au kushika kemikali, usingoje. Zungumza kwanza na ofisa rasilimali watu (si jirani yako wa meza), kisha siku hiyohiyo peleka barua fupi yenye tarehe, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.