Gobori na Baridi Kali: Kwa Ndugu wa Kanda ya Ziwa Wanaowinda Ughaibuni

"Mjomba, fataki imelia vizuri, lakini gobori halikutoa kitu."

Maneno hayo aliniambia mpwa wangu kwa simu kutoka Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, kwake ikiwa asubuhi na kwangu hapa Kirumba ikiwa alasiri, saa ambayo wavuvi wa dagaa huanza kuandaa taa zao. Kulungu wa mkia mweupe alikuwa amesimama hatua arobaini mbele yake, akageuza masikio aliposikia mlio ule mdogo wa fataki, kile kilipuzi kidogo kinachogongwa na nyundo ili kuwasha baruti, kisha akaingia msituni bila haraka. Sikumuuliza habari za baruti wala za shabaha. Nilimuuliza gobori lililala wapi. Akajibu kwamba alitoa fataki tu, akalilaza na shehena yake ya baruti na risasi chumbani karibu na kipasha joto, kwa kuwa nje kulikuwa na nyuzi 20 chini ya sifuri.

Alifanya kama tulivyolelewa. Kijijini kwetu Sengerema babu aliliweka gobori lake darini, mahali ambapo moshi wa jiko ulifika, na alikuwa sahihi, kwa sababu wakati wa masika hewa ya kandokando ya ziwa hubeba maji na moto ndio unaoyafukuza. Kwenye baridi kali kanuni hiyo hugeuka. Hewa ya nje iliyo chini ya sifuri hubeba unyevu mdogo mno, na baruti haidhuriki kwa baridi. Kinachoiharibu ni kulitoa gobori kwenye baridi na kuliingiza kwenye joto. Sote tumeiona chupa ya soda ikitolewa kwenye friji hapa Mwanza na kuwekwa mezani: kabla hujaifungua imekwisha kutoa jasho na kulowesha kitambaa. Mtutu wa chuma uliotoka porini hutoa jasho vivyo hivyo ndani na nje, na baruti nyeusi, pamoja na masizi yake na nyingi kati ya zile zinazotumika badala yake, hufyonza maji hayo. Asubuhi fataki hulia, kwa kuwa fataki ni mpya na kavu, lakini moto wake hukutana na tope.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni kwamba gobori lilale kwenye baridi kwa muda wote wa msimu, katika stoo au gereji isiyopashwa joto na yenye kufuli madhubuti, likiwa halina fataki. Majimbo hayafanani katika kueleza ni lini gobori huhesabiwa kuwa tupu, hasa likiwa ndani ya gari, hivyo soma kijitabu cha kanuni za jimbo lako kabla ya kuliacha na baruti usiku kucha. Nyumba ikiwa na watoto, mimi nisingeliacha na shehena hata kidogo. Kulipakua na kulishindilia upya asubuhi ni kazi ndogo.

Kabla ya kushindilia, shughulikia mafuta. Mafuta ya bunduki ambayo hapa Mwanza hubaki mepesi mwaka mzima huganda kama samli penye baridi kali, nyundo ikashuka kwa uzito na kuigonga fataki bila nguvu. Yafute yote kwenye mtambo, kisha tumia unga wa grafiti. Ndani ya mtutu pitisha kitambaa kikavu, halafu lipua fataki mbili au tatu gobori likiwa tupu, mdomo wake ukiwa umeelekezwa kwenye theluji laini kwa umbali wa shubiri moja. Theluji ikiruka na kuacha kishimo, njia ya moto i wazi. Isipotikisika, kitundu kimeziba kwa mafuta au masizi, na hupaswi kushindilia mpaka ukizibue. Jaribio hili huchukua dakika moja tu, na wengi hulipuuza kwa sababu vidole vinauma.

Baruti ipimwe kwa kipimo chake kama ilivyoagizwa na mtengenezaji wa bunduki, isimiminwe mtutuni moja kwa moja kutoka kwenye kopo, na kamwe isibadilishwe na ile baruti isiyotoa moshi ya bunduki za kisasa, kwa kuwa hiyo inaweza kuupasua mtutu mikononi mwako. Baridi huongeza ugumu mmoja usioonekana: vile vikombe vya plastiki vinavyoshika risasi hukakamaa, risasi ikakwama katikati ya mtutu huku mwindaji akidhani imefika chini. Pengo kati ya baruti na risasi ni hatari kubwa. Kabla ya msimu, chora mstari kwenye mdeki, yaani ule ufito wa kushindilia, mahali unapofikia mdomo wa mtutu gobori likiwa na shehena kamili, na kila unaposhindilia hakikisha mstari huo umeshuka hadi pale pale. Baadaye funika mdomo wa mtutu kwa kipande cha utepe ili theluji isiingie. Huna haja ya kuutoa unapofyatua, kwa maana hewa inayotangulia risasi huutoboa.

Fataki ikilia na bunduki isifyatuke, usiishushe. Ishike ikielekea mahali salama kwa dakika moja kamili au zaidi, kwani baruti yenye unyevu huweza kuwaka kwa kuchelewa. Nilifurahi kusikia kwamba mpwa wangu aliishika hivyo.

Mwili nao unahitaji akili ileile. Sisi ambao usiku wa Julai ukishuka hadi nyuzi 15 tunavaa masweta, tukifika huko huvaa kila tulicho nacho tangu mlangoni, tukatembea na kutokwa jasho, kisha tukakaa kimya saa tatu ndani ya nguo mbichi. Vaa kidogo wakati wa kutembea na ubebe koti zito mgongoni. Acha nguo za pamba nyumbani, kwa sababu zikilowa hazikutunzii joto, sufu hukutunzia. Upepo ukiifanya baridi ihisike kama nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda katika dakika 30. Ukianza kutetemeka bila kujizuia na vidole vikashindwa kushika fataki, uwindaji wa siku hiyo umekwisha. Wala usikatishe juu ya ziwa kwa kuwa limeganda. Msimu wa magobori Minnesota huanza mwishoni mwa Novemba na kuishia katikati ya Desemba, wakati ambapo barafu bado ni changa, na mtembea kwa miguu anahitaji barafu safi ya sentimita 10 au zaidi.

Yote haya yatanguliwe na karatasi. Sheria ya shirikisho ya Marekani huwazuia wengi walioingia kwa viza ya muda, wakiwamo wanafunzi, kumiliki au kushika silaha za moto, ingawa mwenye leseni halali ya uwindaji ni miongoni mwa wanaoruhusiwa. Utaambiwa kwamba gobori halihesabiwi kuwa silaha katika sheria hiyo. Kwa mengi ni kweli, lakini majimbo yana sheria zao, na kosa la silaha linaweza kukugharimu ukaazi wako. Pata leseni kwanza, na ukiwa na shaka juu ya hadhi yako muulize mwanasheria wa uhamiaji. Minnesota humtaka kila aliyezaliwa baada ya 31 Desemba 1979 awe na cheti cha mafunzo ya usalama wa silaha kabla ya kununua leseni hiyo, na mwindaji wa kulungu avae kofia na vazi la juu lenye rangi kali ya machungwa au ya waridi.

Jioni unapomaliza msimu, fyatua shehena iliyobaki mahali panaporuhusiwa na penye tuta salama la kuzuia risasi, kisha lisafishe gobori siku hiyohiyo kwa maji ya moto na sabuni, kwa kuwa masizi ya baruti hula chuma usiku mmoja. Unapoliingiza ndani liache kwanza ndani ya mfuko wake uliofungwa kwa saa kadhaa, ili jasho lishike mfuko. Ukiufungua, pitisha kitambaa kikavu mpaka kitoke cheupe, ndipo upake mafuta.