Kutunza Maji Safi Nyumbani: Anza na Mita

Anayechota kisimani na kubeba jerikeni kichwani hahitaji kuambiwa thamani ya maji, kwa kuwa shingo yake inaijua. Somo hili linatuhusu zaidi sisi wenye bomba ndani ya nyumba, ambao kwa kuishi karibu na Ziwa Viktoria tumezoea kudhani kwamba maji hayaishi. Maji ya bomba hapa Kampala huvutwa ziwani, husafishwa kwa dawa katika mitambo kama ile ya Ggaba, kisha husukumwa kwa umeme hadi kwenye matangi yaliyo juu ya vilima kama Muyenga. Kwa hiyo kila tone linalovuja jikoni ni kazi yote hiyo iliyomwagwa chini.

Hatua ya kwanza ni kusoma mita. Usiku, watu wote wakishalala na mabomba yote yakiwa yamefungwa, andika namba zinazoonekana, kisha uzisome tena alfajiri kabla mtu hajagusa maji. Zikiwa zimesogea, kuna mahali panapovuja. Uniti moja ni lita 1,000, yaani jerikeni 50 za lita 20, na ukihesabu hivyo utaelewa bili yako upesi.

Katika nyumba niliyopanga zamani, namba zilisogea kila usiku ilhali sakafu ilikuwa kavu kabisa. Mwishowe nilitia rangi ya chakula katika tangi la choo, nikangoja nusu saa bila kuvuta maji, na nikaona michirizi myekundu ikiteremka polepole ndani ya bakuli: mpira wa chini ya tangi ulikuwa umelika, na maji yalipita kimya kimya. Fundi aliubadilisha kwa dakika chache. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde nalo hupoteza karibu jerikeni nzima kwa siku, na mara nyingi tatizo ni mpira mdogo tu.

Baada ya kuziba mianya, tega mvua, hasa katika msimu wa Machi hadi Mei na ule wa Septemba hadi Novemba. Mvua ya milimita 10 juu ya paa la mabati lenye mita za mraba 50 huleta hadi lita 500, ingawa kiasi fulani hupotea njiani. Acha maji ya mwanzo yaoshe vumbi na kinyesi cha ndege, ndipo uelekeze mfereji kwenye tangi, ambalo ni lazima lifunikwe vizuri ili mbu wasizaliane humo. Maji hayo yanafaa kufulia na kuoshea vyombo. Ya kunywa yachemshwe.

Maji ya kusuuzia nguo yatumike tena kupigia deki au kumwagia chooni. Yale ya kuoshea mboga yapelekwe kwenye migomba, lakini yenye dawa ya kung'arisha nguo yasifike bustanini kamwe.

Jambo la mwisho husahauliwa sana: maji yakikatika mchana, watu hufungua bomba, huona halitoi kitu, kisha huliacha wazi, na maji yanaporudi usiku wa manane humwagika hadi asubuhi. Kila yakikatika, pita nyumba nzima ukifunga bomba moja baada ya jingine, pamoja na lile la uani.