Kabla ya Kununua Betri Nyingine

Gari lililokula betri mbili ndani ya mwaka mmoja halihitaji betri ya tatu, linahitaji kupimwa. Hapa Mombasa tumezoea kwamba gari likigoma asubuhi, jirani huombwa jampa, injini huwashwa, na kabla ya adhuhuri mwenye gari yuko dukani akiulizia bei. Betri mpya hufanya kazi vizuri kwa wiki kadhaa, kwa sababu imetoka dukani na chaji yake, kisha tatizo lile lile hurudi, kwa kuwa betri ya kwanza ilikuwa imeuawa na kitu ambacho hakuna aliyekitafuta. Kwa kawaida kitu hicho ni kimojawapo kati ya hivi vinne: altaneta (mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme) isiyochaji ipasavyo, nyaya na terminali zisizopitisha umeme vizuri, kifaa kinachonyonya umeme gari likiwa limezimwa, au matumizi ya gari yasiyoipa betri muda wa kujaa. Kuvitenganisha kunahitaji subira na mita ya umeme ya kawaida, ile inayouzwa katika maduka ya vifaa vya umeme.

Kabla hata ya kushika mita, inafaa mwenye gari aandike tatizo hutokea lini. Gari linalogoma asubuhi baada ya kulala, lakini likisha kuwashwa huenda kutwa nzima bila shida, linaelekeza kwenye betri iliyochoka au umeme unaovuja usiku. Gari linalozimika njiani, taa zikififia na redio ikikatika kabla ya injini kufa, linaelekeza kwenye altaneta au mkanda wake. Na gari ambalo ukigeuza ufunguo husikika mlio mmoja wa "tak" tu, kisha ukitikisa terminali likawaka, limekwisha kujieleza lenyewe. Fundi wa umeme wa magari akipewa maelezo ya namna hii huokoa nusu ya kazi. Akiambiwa tu kwamba "betri inasumbua", atauza betri.

Betri ndiyo ipimwe kwanza, kwa sababu ikiwa mbovu vipimo vingine vyote vitadanganya. Betri ya volti 12 ina seli sita, kila moja ikitoa takriban volti 2.1, ndiyo maana iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki na robo tatu hivi ya chaji, 12.2 ni nusu, na 12.0 kwenda chini ni karibu tupu. Namba hizi zina maana tu gari likiwa limelala kwa saa kadhaa; ukipima mara baada ya kuzima injini utapata namba nzuri ya uongo, kwa sababu chaji iliyo juu ya sahani za ndani ya betri haijatulia. Kisha mtu mwingine awashe injini huku wewe ukitazama mita: betri nzima haipaswi kushuka chini ya takriban volti 9.6 wakati stata, yaani mota ya kuwashia injini, inazunguka. Ikishuka hadi 7 au 8 ilhali ilikuwa imejaa, betri imechoka. Na betri iliyochajiwa usiku kucha lakini ikaishia kwenye volti 10.5 ina seli moja iliyokufa, na hakuna dawa yake ila kubadilishwa.

Kwa betri zenye vifuniko vya kuongezea maji, kiwango cha maji kikaguliwe katika kila seli, na yaongezwe maji ya betri tu, yaliyosafishwa, mpaka sahani zifunikwe. Maji ya kisima, ambayo sehemu nyingi za kisiwani yana chumvi, huiua betri taratibu, na kuongeza asidi mahali palipohitaji maji ni kosa baya zaidi. Joto nalo lina mchango wake: kanuni ya watengenezaji ni kwamba kila nyuzi 10 za selsiasi zinazozidi joto la kawaida la takriban 25 hupunguza umri wa betri karibu nusu. Chini ya boneti, katika miezi ya kaskazi, joto linazidi hapo kwa mbali. Hivyo mwenye gari Mombasa asishangae betri yake ikidumu muda mfupi kuliko ya ndugu yake aliyeko Limuru. La kumshangaza ni ikifa kabla ya mwaka.

Jambo linalopuuzwa kuliko yote, nami naliona ndilo chanzo cha fedha nyingi zinazotupwa bure, ni terminali na waya wa athi, ule unaotoka ncha hasi ya betri. Hewa ya bahari ina chumvi, na gari linaloegeshwa Nyali au Bamburi hulala ndani ya hewa hiyo kila usiku. Ule unga mweupe au wa kijani unaoota kwenye ncha za betri huzuia umeme njia zote mbili: stata haipati wa kutosha, na chaji ya altaneta haifiki yote kwenye betri. Dawa yake ni maji ya moto yenye magadi kidogo, brashi ya waya, kukausha vizuri, kisha kupaka grisi baada ya kukaza. Lakini kutu isiyoonekana ndiyo hatari zaidi, hasa pale waya wa athi unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini, mahali pasipotazamwa na mtu. Kuipata, injini ikiwa inanguruma na taa kubwa zimewashwa, weka ncha moja ya mita kwenye terminali hasi ya betri na nyingine kwenye mwili wa altaneta. Kipimo kisizidi volti 0.2. Rudia upande wa chanya, kutoka boliti kubwa ya altaneta hadi ncha chanya ya betri. Ukipata nusu volti au zaidi, waya au kiungio kina kasoro, na altaneta mpya haitaiondoa. Upande wa chanya ukionyesha volti nyingi mno, huenda fyuzi kubwa iliyo kati ya altaneta na betri imeungua, jambo linaloweza kutokea mtu akiwahi kujampi gari kwa kugeuza nyaya.

Kuna na suala la unene wa ncha. Magari mengi madogo kutoka Japani huja na vibano vya terminali vya ncha nyembamba, na dukani mtu akauziwa betri ya ncha nene, au kinyume chake. Kibano hupanuliwa kwa bisibisi au kujazwa kipande cha bati, gari likawaka, na tatizo likazaliwa siku hiyo hiyo.

Sasa altaneta. Injini ikiwa imewaka na vifaa vyote vimezimwa, volti kwenye betri inapaswa kuwa kati ya 13.8 na 14.7 hivi. Kisha washa taa kubwa, feni ya eesii na kipashio cha kioo cha nyuma, uiache injini kwenye silensa, yaani bila kukanyaga mafuta: ikishuka chini ya 13.2 na kubaki hapo hata ukikanyaga mafuta kidogo, altaneta haimudu mzigo. Ikivuka volti 15, regyuleta, kidhibiti cha volti, imekufa na betri inachemshwa. Dalili zake ni maji yanayoisha haraka, harufu ya mayai yaliyooza na balbu zinazoungua ovyo. Pima pia kwa kuigeuza mita upande wa volti za umeme geu (AC): zaidi ya nusu volti ni ishara kwamba dayodi moja au zaidi ndani ya altaneta, zile zinazopitisha umeme upande mmoja tu, imepasuka.

Tahadhari moja kuhusu magari ya miaka ya karibuni: mengi yana kompyuta inayoamrisha altaneta ipunguze kazi ili kuokoa mafuta, hivyo kusoma volti 12.8 kwa dakika chache si lazima kuwe ugonjwa. Washa taa kubwa, na kama altaneta ni nzima volti itapanda. Wenye Toyota Aqua na Prius nao wasiitafute altaneta, kwa sababu haimo. Betri yao ndogo huchajiwa kutoka kwenye betri kubwa ya haibridi kupitia kigeuzi cha umeme.

Fundi anayetaka kupima altaneta kwa kuchomoa terminali ya betri injini ikiwa inanguruma azuiwe kwa heshima lakini kwa uthabiti. Volti hupaa ghafla betri inapoondolewa, na inaweza kuunguza dayodi, regyuleta na kompyuta ya gari kwa mpigo mmoja, nawe ukalipia vyote.

Mkanda hauhitaji maneno mengi: usiwe na nyufa wala kung'aa kama kioo, usilie unapowasha eesii au unapopita dimbwi, na usikazwe kupita kiasi kwa sababu beringi ya altaneta ndiyo itakayolipa. Taa ya betri kwenye dashibodi nayo iwake ufunguo unapofunguliwa na izimike injini inapowaka. Isipowaka kabisa usifurahi, kwani katika altaneta nyingi za zamani waya wa taa hiyo ndio unaoiamsha altaneta ianze kuchaji. Ikiwaka kwa mwanga hafifu injini ikizunguka, shuku dayodi, au kaboni (brashi za ndani ya altaneta) zilizokwisha.

Betri na altaneta zikifaulu vipimo vyote na bado gari halilali salama, kuna kinachokunywa umeme usiku. Kila gari la kisasa hunywa kidogo, kwa ajili ya saa, alamu na kumbukumbu za kompyuta, na kiasi cha kawaida ni miliampia 20 hadi 50. Kikifika miliampia 300, ambazo ni kama taa ndogo ya ndani iliyoachwa ikiwaka, betri hupoteza takriban ampia-saa 7 kila siku, na betri ya saizi ya NS60, yenye takriban ampia-saa 45, hubaki nusu baada ya siku tatu. Hapo ndipo hutokea gari linalowaka vizuri wiki nzima lakini likagoma Jumatatu baada ya kuegeshwa tangu Ijumaa jioni.

Kulipima hili, zima kila kitu, chomoa terminali hasi, na uunganishe mita iliyowekwa kwenye ampia 10 kati ya terminali hiyo na ncha ya betri. Usifungue mlango wala kugeuza ufunguo, maana utaichoma fyuzi ya mita. Subiri angalau nusu saa ili kompyuta zilale, ndipo uanze kuchomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke ghafla. Fyuzi hiyo ndiyo inayokuonyesha mkosaji. Wa kushukiwa kwanza ni vilivyoongezwa baada ya gari kutoka bandarini: traka, alamu, amplifaya, kamera ya kioo cha mbele, ambavyo mara nyingi huungwa kwa haraka kwenye waya wowote wenye umeme. Fyuzi zote zikiisha na namba haijashuka, chomoa waya mkubwa wa altaneta, ukihakikisha terminali hasi haijagusa betri unapofanya hivyo, kisha upime tena. Dayodi inayovuja huifanya altaneta ichaji mchana na kunyonya usiku, na kwa kuwa haipiti kwenye fyuzi ndogo, ndiyo kasoro inayowafanya watu wanunue betri kila baada ya miezi michache wakiapa kwamba altaneta ni nzima.

Namna gari linavyotumika nayo ihesabiwe. Anayetoka Tudor kwenda mjini na kurudi, eesii ikiwa imewashwa muda wote, huenda harudishii betri yake ilichotoa. Kwenye foleni ya feri ya Likoni, injini huzimwa huku feni na redio vikiendelea, kisha huwashwa kwa hatua chache na kuzimwa tena. Kuwasha kwenyewe hakuli umeme mwingi. Kinachoimaliza betri ni ule muda wa kusubiri. Betri inayokaa nusu tupu kwa wiki nyingi hujijengea salfeti ngumu kwenye sahani, na haitarudia uwezo wake wa awali. Gari la namna hii linafaa kuunganishwa na chaja ya ukutani mara kwa mara, kwa ampia 4 au 5, usiku mzima, mahali penye hewa kwa sababu betri inayochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka.

Ikibainika kwamba lazima kununua, angalia saizi iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari au kwenye betri ya awali, upande wa ncha chanya, na tarehe ya kutengenezwa, kisha uitake dukani ipimwe kwa mzigo mbele yako na risiti iandikwe muda wa dhamana. Gari lenye mfumo wa kujizima kwenye foleni linahitaji betri iliyotengenezwa kwa ajili ya mfumo huo. Ya kawaida haitadumu. Altaneta iliyotumika iwe na ampia zisizopungua za ile ya zamani, na soketi yake iwe na pini zile zile. Wala altaneta mpya isifungwe pamoja na betri tupu kwa matumaini kwamba itaijaza, kwa sababu kazi hiyo huichosha altaneta na inaweza kuiunguza; betri ichajiwe kwanza.

Anayekusudia kwenda bara afanye vipimo hivi siku kadhaa kabla, si jioni ya kuondoka. Taa ya betri ikiwaka ukiwa umepita Mariakani usiku, betri iliyojaa itakupa saa moja hivi, au pungufu, ikibeba taa na pampu ya mafuta peke yake. Zima eesii na redio, usichaji simu, usizime injini, na uelekee mji ulio karibu zaidi. Lakini mshale wa joto ukianza kupanda, mkanda umekatika na umeisimamisha pampu ya maji pia. Hapo egesha kando ya barabara na uzime mara moja.