Kaazime jembe kwa jirani

Umehamia mtaa mpya hapa Kampala na jirani wa ukuta kwa ukuta hata jina humjui? Usiitishe mkutano. Kaazime jembe kwake.

Langu nililiacha ndani makusudi, nikaazima la jirani. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa pili, kabla mvua za Machi hazijaanza, nikaanza kuzibua mtaro unaopita mbele ya milango yetu sita: kaveera (mifuko ya plastiki) tele, maganda ya matoke, kandambili moja ya mtoto. Sikumwita mtu. Nusu saa haijaisha, mwenye jembe akatoka kuangalia chombo chake kinatumikaje (mpini ulikuwa mpya, ana haki), akabaki. Mama wa chapati akaleta sepetu. Waganda kazi hii ya pamoja kwa faida ya wote wanaiita bulungi bwansi, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Jembe nililirudisha limeoshwa, pamoja na kibakuli cha karanga za kukaanga. Kesho yake kibakuli kikarudi na maparachichi mawili. Ndiyo namna yetu, chombo cha jirani hakirudi kitupu.

Ukishafika hapo, jitambulishe kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa), kisha uulizie munno mukabi, vile vikundi vya kusaidiana kwenye misiba na shida. Jiandikishe mapema, nyumbani kukiwa kwema. Anayekuja kujiunga siku ya msiba wake huangaliwa kwa jicho la pembeni. Uliza pia kama mchango ni wa kila mwezi au wa kila msiba, maana vikundi hutofautiana.